Jinsi ya kuchagua droo za jikoni: anza na sufuria, rangi iwe ya mwisho

Ukiingia karibu duka lolote la kabati Nairobi, kitu cha kwanza utakachowekewa mbele ni kitabu cha rangi. Kijivu, kijani kibichi, nyeupe inayong'aa mpaka unajiona uso. Utachagua, utafurahi, na hakuna atakayekuuliza unapika nini wala unaweka wapi. Uso wa droo ni kipande kimoja cha bodi kilichoshikwa kwa skrubu chache, na siku ukichoka nacho unakibadilisha. Reli mbovu (vile vyuma droo inavyotelezea) au sanduku la droo lililokatwa vibaya utakutana nalo kila asubuhi ukitafuta kijiko na kila jioni ukitafuta mwiko. Kwa hiyo hapa tunaenda kinyume na duka: vyombo kwanza, kisha vipimo, kisha reli, kisha mbao. Rangi itasubiri.

Nimemwandikia mtu anayekarabati jikoni lake na kazi anampa fundi wa mtaani, awe wa Gikomba, wa Kariobangi Light Industries au wa kando ya Ngong Road. Mwenye kampuni ya kumfanyia kila kitu anaweza kurukia sehemu ya kukagua.

Hatua ya 1: Toa vyombo vyote nje

Vipange sakafuni kwa mafungu matatu: vya kila siku, vya mara mojamoja, na vya wageni. Vya wageni havistahili droo. Viende kabati la juu kabisa, hata kama ni ile seti ya vikombe uliyopewa harusini.

Jikoni zetu zina faida ambayo picha nyingi za mtandaoni haziioni: sufuria zetu hazina mikono. Zinaingiana moja ndani ya nyingine, seti nzima ikakaa kwenye nafasi ya ile kubwa. Ndiyo maana droo pana na yenye kimo, iliyo karibu na meko, inafaa kuliko kabati la mlango ambalo unalipigia magoti ukivuta sufuria ya chini huku za juu zikiporomoka. Pima kimo cha rundo lako kutoka sakafuni, ongeza sentimita 3, hicho ndicho kimo cha ndani unachotaka. Vifuniko visimame wima pembeni, nyuma ya kigawanyo cha plaiwudi. Chuma cha chapati kipime pamoja na mpini wake. Watu wengi hupima duara tu, halafu droo inagoma kufungwa.

Sasa uzito, ambao karibu kila mtu huusahau. Bandali ya unga ina paketi 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Ongeza mchele kilo 10, sukari kilo 2, na mtungi wa mafuta wa lita 5, ambao ni kama kilo 4.6. Tayari umepita kilo 40, na hujahesabu sanduku lenyewe. Ukitaka droo ya chakula cha mwezi, andika uzito huo kwenye karatasi sasa hivi, utauhitaji dukani.

Jua pia kwamba droo moja ni bodi nne za pembeni, sakafu yake, uso, na jozi ya reli. Kabati la droo tatu lazima lizidi bei ya kabati la mlango mmoja lenye ukubwa uleule. Kama bajeti inaruhusu safu moja tu, iweke kando ya meko: ya juu ya vijiko na visu, ya kati ya viungo na vibakuli, ya chini ya sufuria.

Hatua ya 2: Jua mahali droo isipofaa

Chini ya sinki kuna mabomba, na siku moja yatavuja. Weka mlango. Kwenye kona, droo mbili zinazotazamana kwa pembe hugongana vishikio. Acha kipande cha kujazia cha sentimita 5 au zaidi kila upande, kulingana na urefu wa kishikio. Karibu na ukuta au fremu ya mlango vilevile, la sivyo droo itafunguka nusu na kukwaruza.

Mtungi wa gesi, uwe wa kilo 6 au 13, usiupangie droo. Na kama utauficha kabatini, toboa matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Matundu ya juu pekee ni mapambo.

Hatua ya 3: Pima kama mtu asiyeamini ukuta

Kuta za nyumba zetu hazinyooki, hasa zile za zamani kama za Buruburu za miaka ya 1970 ambazo zimeshapigwa plasta juu ya plasta. Pima upana sehemu tatu: chini, katikati na juu. Shika kipimo kidogo zaidi. Sakafu nayo iwekee pima maji. Tofauti ya sentimita moja inarekebishwa na miguu ya plastiki ya kabati, lakini lazima fundi ajue mapema.

Vipimo vya kawaida: kabati la chini lina kina cha milimita 560 hadi 600, na ukiongeza miguu na meza ya juu, kimo hufika milimita 850 hadi 900. Kama mpishi mkuu wa nyumba ni mfupi, shuka kidogo. Msimamishe mbele ya meza akikanda unga, utaona kama mabega yanapanda.

Hesabu ya droo yenyewe ni hii. Chukua kabati la upana wa milimita 600 lililotengenezwa kwa bodi ya milimita 18. Ndani linabaki na 564. Reli za pembeni zenye gololi hula takriban milimita 12.7 kila upande, kwa hiyo sanduku la droo liwe na upana wa 538 hivi kutoka nje hadi nje. Likizidi kwa milimita mbili, litakwaruza na reli zitabanwa. Likipungua kwa milimita tano, fundi ataweka vipande vya kadibodi nyuma ya reli ili ziguse, na hizo kadibodi zitakaa hapo mpaka unyevu wa kwanza.

Usipende sana upana. Droo ya milimita 900 inapendeza kwa macho, lakini ukiivuta kwa upande mmoja inajipinda na sakafu yake inalegea katikati. Ikibidi, iwe na ubao wa kuimarisha chini na vishikio viwili.

Hatua ya 4: Reli, hapa ndipo pesa iende

Nenda na ile karatasi ya uzito. Kwa ujumla utakutana na aina nne.

Kuna njia za mbao, zile za makabati ya zamani, ambapo droo inateleza juu ya ubao. Wakati wa mvua, iwe ya Machi hadi Mei au ile fupi ya Oktoba hadi Desemba, mbao hufura na droo hukwama. Kama unazo na hutaki kuzitoa, piga msasa sehemu zinazosuguana kisha zisugue kwa mshumaa au sabuni kavu ya mche. Zitateleza tena. Ila usiagize mpya za namna hii.

Kuna reli za magurudumu ya plastiki, chuma chake kimepakwa rangi nyeupe au ya maziwa. Ni za bei ya chini, lakini nyingi hufunguka robo tatu tu, kwa hiyo vitu vya nyuma unavipapasa bila kuviona. Kwa droo ya vijiko zinatosha. Kwa sufuria, hapana.

Kuna reli za gololi, vipande vitatu vinavyoingiana, kimo chake milimita 45 hivi. Hizi hufunguka zote, na ukichagua nzuri hubeba kilo 35 hadi 45. Kwa jikoni nyingi za Nairobi, hapa ndipo ningesimama. Bei haiumizi, fundi yeyote anajua kuzifunga, na zikiharibika unapata nyingine bila kuagiza nje.

Halafu kuna za chini ya droo, zisizoonekana kabisa, zinazojifunga taratibu. Zinapendeza sana. Zinadai sanduku lililokatwa kwa usahihi wa milimita, na mkato maalumu nyuma ya droo. Blum ya Austria, Hettich na Häfele za Ujerumani ndizo majina yanayotajwa zaidi. Ukiambiwa ni mojawapo, tafuta jina lililogongwa kwenye chuma chenyewe. Jina lililo kwenye boksi peke yake halithibitishi kitu. Kama fundi wako hajawahi kuzifunga, usimfanye ajifunzie kwako.

Dukani, usinunue reli iliyofungwa kwenye nailoni bila kuijaribu. Itoe. Ivute mpaka mwisho, ishike ncha zote mbili uitikise juu chini. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikicheza kama jino la mtoto, irudishe. Irudishe ndani polepole ukisikiliza: gololi nzuri husaga sauti moja, mbaya hukatakata. Tazama mafuta yake, yawe safi, yasiwe na chembe. Kisha linganisha unene wa chuma chake na cha reli ya bei ya juu zaidi iliyo kwenye rafu hiyohiyo. Vidole vitakuambia.

Muuzaji naye atakuwa na lake la kusema.

"Kaka, hii inabeba kilo ngapi?"

"Mama, hii hata wewe ukisimama ndani haivunjiki."

Cheka, halafu uulize tena mpaka akuonyeshe kilo zilipoandikwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Urefu wa reli huuzwa kwa hatua za milimita 50: 300, 350, 400, 450, 500, 550. Kabati la kina cha 560 linachukua reli ya 500 vizuri na kubakisha nafasi nyuma. Mafundi wengine hununua za 400 kwa sababu ni nafuu kidogo, nawe unabaki na droo fupi ndani ya kabati refu, na uwazi wa sentimita kumi na kitu nyuma ambao mende wataushukuru.

Kuhusu reli za kusukuma ili zifunguke, zisizo na kishikio: nyumba yenye mtoto anayeanza kusimama, ziache. Akiegemea, droo inamfuata.

Hatua ya 5: Sanduku na sakafu yake

Uso wa droo unaweza kuwa wa bodi yoyote nzuri. Sanduku ndilo linalobeba, kwa hiyo vitu hivi viwili visichanganywe, hata kama fundi anataka kutumia mabaki ya bodi ileile.

Bodi ya chembechembe za mbao yenye melamini, lile ganda jembamba gumu la juu, ndiyo ya bei ya chini. Kwa mwili wa kabati inavumilika, lakini kwa sanduku la droo skrubu zake hulegea baada ya kuvutwa mara nyingi. MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini na hupokea rangi vizuri sana, ndiyo maana inafaa kwa uso. Ila ukiipiga skrubu ukingoni bila kutoboa kwanza inapasuka, na ikinywa maji inafura na hairudi. Plaiwudi ya milimita 12 hadi 15 ndiyo chaguo langu kwa sanduku: nyepesi, inashika skrubu, na inastahimili unyevu kuliko hizo mbili. Karatasi moja ni futi 8 kwa 4, inatoa masanduku kadhaa ukipanga mikato vizuri.

Mbao halisi ni nzuri zikiwa kavu. Saiprasi ndiyo inayopatikana zaidi, mahogani ni ghali na nyingi huletwa kutoka nje. Shida yetu ni mbao zinazouzwa zikiwa bado na maji. Bei ya mbao ilipanda serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu yake mwaka 2018, na mbao mbichi zikawa zinaharakishwa sokoni. Zuio lilitangazwa kuondolewa mwaka 2023, lakini tabia ya kuuza mbichi ingalipo. Nyanyua vipande viwili vya ukubwa mmoja. Kilicho kizito zaidi na chenye ubaridi ukikigusa shavuni bado kina maji. Yadi yenye kipimo cha unyevu ikikuonyesha asilimia 12 hivi, nunua.

Sasa geuza droo ya mfano juu chini. Hapa ndipo utamjua fundi. Sakafu ya droo mbovu ni hadibodi ya milimita 3 iliyopigiliwa kwa misumari midogo kutoka chini. Kila ukiweka sufuria, misumari inashuka kidogo, mpaka siku unavuta droo na visu vinabaki kabatini vikiwa vimeanguka kupitia ufa wa nyuma. Sakafu nzuri ni plaiwudi ya milimita 6 au zaidi (9 kwa droo ya sufuria au unga), iliyoingizwa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya bodi za pembeni, kama sentimita moja kutoka chini. Ibonyeze katikati kwa kiganja. Isiteremke, isilie.

Pembe nazo zitazame. Mkia wa njiwa, yaani meno ya mbao yaliyochongwa yakaumana pembeni, ni kazi ya heshima ukimpata anayeujua. Bodi moja kuingia kwenye mkato wa nyingine, kwa gundi na skrubu, inatosha kabisa. Bodi mbili zilizokutanishwa tu na kupigwa misumari, kataa.

Kingo zote za bodi zifunikwe kwa utepe, hata zile za nyuma zisizoonekana. Kuna karakana nyingi mjini, hasa Industrial Area, zinazokata bodi kwa mashine na kubandika utepe kwa joto. Mpe fundi kazi ya kuunga, lakini mikato ifanywe huko. Msumeno wa mkono haujui milimita.

Hatua ya 6: Uso na vishikio

Sasa chagua rangi yako. Zinazong'aa huonyesha kila alama ya kidole, na za giza huonyesha unga na vumbi. Karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye MDF hubanduka karibu na joto, kwa hiyo kando ya oveni tumia uso uliopakwa rangi au wa melamini.

Kwa vishikio, nunua vyenye nafasi kati ya matundu ya milimita 96, 128 au 160. Hizo ndizo za kawaida, na ukitaka kubadilisha baadaye hutaziba matundu ya zamani.

Hatua ya 7: Elewana na fundi kwa maandishi

Ujumbe wa simu unatosha. Andika: aina ya bodi ya sanduku na unene, unene wa sakafu na kwamba iingie kwenye mfereji, aina na urefu wa reli, nani ananunua nini, na nani anabeba hasara ya mkato uliokosewa. Reli zinunue mwenyewe, umkabidhi kabla hajakata chochote, kwa sababu sanduku hukatwa kufuata reli.

Malipo yaende kwa M-Pesa, kwa awamu, na awamu ya mwisho isiwe ndogo ya kumfanya fundi aisahau. Muombe atengeneze droo moja kwanza. Akikuambia "Bosi, nitazifanya zote mara moja, ni kazi ileile," mwambie kwa upole kwamba ndiyo sababu unataka kuona moja. Fundi mzuri hatakasirika.

Mwombe pia reli zisifungwe karibu na mahali anapopiga msasa. Vumbi la mbao likiingia kwenye mafuta ya gololi linageuka uji, na reli mpya inaanza kukwaruza ndani ya wiki.

Hatua ya 8: Kagua droo zikiwa zimejaa

Droo tupu hufunguka vizuri hata ikiwa mbovu. Jaza sufuria na ile bandali ya unga, kisha uivute yote nje. Ncha ya mbele isishuke sana. Ivute tena kwa kushika pembe moja tu: isipinde wala kukwama. Iache wazi nusu na uondoe mkono. Ikijiendea yenyewe, kabati halijakaa sawa sakafuni.

Tazama nafasi kati ya uso mmoja na mwingine. Milimita 3 kila mahali ni kazi safi. Zikitofautiana, usikubali kuambiwa "zitakaa zenyewe". Reli za gololi zina matundu marefu na matundu ya duara. Fundi anapaswa kuanza na marefu, asogeze mpaka nafasi zilingane, ndipo akaze ya duara. Ukiona skrubu kwenye ya duara pekee, alikimbia, na anaweza kurudia kazi hiyo kwa nusu saa.

Jifunze kuitoa droo mwenyewe kabla fundi hajaondoka. Reli nyingi za gololi zina kidole cha plastiki kila upande. Kimoja unakiinua, kingine unakishusha, kwa wakati mmoja, huku ukivuta. Utahitaji hilo ukifuatilia kijiko kilichoanguka nyuma, au ukipulizia dawa ya mende.

Ukimaliza kulipa, nunua jozi moja ya ziada ya reli zilezile uiweke juu ya kabati. Maduka hubadilisha mzigo, na ya mwaka ujao inaweza kuwa na matundu mahali pengine kabisa.